Msokoto wa injini: kwa nini pikapu ya dizeli huvuta mapema

Mtu anayetafuta pikapu jijini Nairobi kwa ajili ya kuvuta trela la maji, au kufika shamba lisilo na lami, huambiwa upesi kwamba dizeli ndiyo yenye nguvu. Kauli hiyo si ya uongo, ila imefupishwa hadi inapotosha, kwa sababu injini ina nguvu za aina mbili, na moja tu kati yake ndiyo inayoamua kama gari litaondoka na mzigo au litazimika mlimani. Hiyo ni nguvu ya msokoto, ambayo hapa nitaiita msokoto tu.

Msokoto ni uwezo wa kuzungusha kitu kinachokataa kuzunguka, na hupimwa kwa newtoni-mita. Anayetaka kuuona kwa macho na asimame nje ya gereji yoyote ya Barabara ya Kirinyaga, amtazame fundi akipambana na nati ya gurudumu iliyoshika kutu. Akiisukuma spana kwa mikono, nati haitikisiki. Basi huchukua kipande cha bomba la chuma, akakivisha kwenye mpini wa spana, akapanda juu yake na kuyumbayumba hadi nati ilie na kuachia. Kama ana uzito wa kilo 70 na amesimama sentimita 70 kutoka kwenye nati, msokoto wake ni takriban newtoni-mita 480. Hakuwa mzito zaidi ya alivyokuwa dakika moja kabla. Alichoongeza ni urefu wa mpini. Injini ya dizeli ya lita 2.8 ya Toyota Hilux ya gia za otomatiki hutoa newtoni-mita 500, yaani inamzidi kidogo tu fundi huyo, isipokuwa yeye huutoa msokoto wake kwa robo mzunguko kisha akashuka kuvuta pumzi, ilhali injini huendelea kuutoa kwa zaidi ya mizunguko 2,000 kila dakika.

Kasi hiyo ya kuzunguka ndiyo inayotupeleka kwenye nguvu ya aina ya pili, ile inayohesabiwa kwa kilowati au kwa nguvu za farasi. Ukizidisha msokoto kwa idadi ya mizunguko kwa dakika, kisha ukagawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Ndiyo maana injini yenye msokoto mdogo inaweza kutangaza kilowati nyingi, mradi izunguke kwa kasi kubwa. Hilux ya petroli ya lita 2.7 ina kilowati 122 na ile ya dizeli niliyoitaja ina 150, tofauti ambayo kwenye karatasi haitishi. Lakini petroli hiyo hufikia kilele cha msokoto wake, newtoni-mita 245, kwenye mizunguko 4,000, wakati dizeli inazo 500 zake zote tangu mizunguko 1,600 hadi 2,800. Kwenye mizunguko 2,000, pale dereva aliposimama kwenye mteremko wa Mai Mahiu na anataka kuondoka akipanda na trela nyuma, dizeli hutoa karibu kilowati 105, na petroli haiwezi kupita 51. Si kwamba petroli haitapanda. Itapanda, ila kwa gia ya chini, injini ikipiga kelele na mshale wa mafuta ukishuka.

Tofauti hiyo inatokana na namna mafuta yanavyowashwa. Katika injini ya petroli, ambayo mpango wake wa mipigo minne ulikamilishwa na Nikolaus Otto mwaka 1876, hewa na mafuta hubanwa pamoja kisha plagi hurusha cheche. Mchanganyiko huo ukibanwa kupita kiasi hulipuka kabla ya wakati wake na injini huanza kugonga, kwa hiyo uwiano wa kubana, yaani mara ngapi ujazo wake hupunguzwa, huishia mara 8 hadi 12 hivi. Injini ambayo Rudolf Diesel aliionyesha Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 hubana hewa peke yake, mara 14 hadi 22, mpaka iwe na moto wa kutosha kuwasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Kwa kuwa wakati wa kubana hakuna mafuta ndani, hakuna cha kulipuka mapema, na hapo ndipo tabo (turbo), yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, hupata nafasi ya kusukuma hewa nyingi ndani bila kuiharibu injini.

Nasisitiza tabo kwa sababu wengi huisahau, wakayapa mafuta sifa yasiyostahili. Injini ya zamani ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo ambayo imebeba Land Cruiser nyingi katika nchi hii, hutoa newtoni-mita 285 tu, yaani inaizidi petroli ya lita 2.7 kwa kiasi kidogo licha ya ukubwa wake. Kwa upande mwingine, Ford walipoitia F-150 injini ya petroli ya lita 3.5 yenye tabo mbili mwaka 2011, msokoto wake ulifika newtoni-mita 569 kwenye mizunguko 2,500. Kwa hiyo anayelinganisha dizeli na petroli bila kuuliza kama kuna tabo, kwa kweli analinganisha vitu vingine.

Kwa mkazi wa Nairobi swali hilo lina uzito wa pekee. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza sehemu kubwa ya msokoto wake kabla hata haijafungiwa trela, na ikipanda Limuru hupoteza zaidi. Yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Nje ya lami hesabu hubadilika. Juu ya mawe, na kwenye udongo mweusi unaonata wa Isinya baada ya mvua, msokoto wa mizunguko ya chini ni neema, kwani gari hutambaa polepole bila gurudumu kuteleza. Kwenye mchanga mlaini mambo hugeuka: huko kinachotakiwa ni mwendo na injini inayopandisha mizunguko haraka, na petroli nyepesi hufanya vizuri kuliko watu wanavyokubali. Wakati wa kuteremka pia petroli ina faida ndogo, kwa kuwa mlango wake wa hewa hufungwa dereva akiachia mafuta na injini ikashika gari, ilhali dizeli nyingi hazina mlango wa kufunga kwa namna hiyo. Katika maji, dizeli haina plagi za kuloa, ila maji yakiingia kwenye mdomo wa hewa injini zote mbili huvunjika.

Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya ile ya petroli kwa asilimia 10 hadi 15, na anayevuta mzigo kila siku huliona hilo kwenye risiti. Hata hivyo, nozeli za dizeli za kisasa hazivumilii mafuta machafu. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa nchini mwaka 2018 ili kuzuia yasichanganywe kwenye dizeli. Zaidi ya hayo, dizeli yenye kichujio cha masizi huhitaji safari ndefu ili kichujio kipate joto na kujisafisha. Pikapu inayoshinda kwenye foleni kati ya Westlands na Industrial Area, ikavuta trela mara mbili kwa mwaka, haipati safari hizo, na mwenyewe akiniuliza, nitamwambia anunue ya petroli.