Moyo unakula mafuta: umri, kitambi na maswali ya kwenye hema

Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba, inakaribia, na kitengo chetu kitaweka hema la upimaji bila malipo kama kawaida. Kabla hamjafika, niongelee lalamiko moja linalozidi kuongezeka kliniki: "Daktari, nilipimwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) nikaambiwa moyo unasukuma vizuri. Mbona nikipanda ngazi ghorofa moja nahema kama nimekimbizwa?" Anayelalamika mara nyingi keshavuka miaka 55, ana kitambi, na dawa za presha anameza siku akijisikia vibaya tu. Nyumbani wamemwambia ni uzee. Kipimo hakikudanganya, ila uzee nao unasingiziwa mengi.

Moyo wa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi na hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Pamoja na kazi yote hiyo, akiba ya nishati iliyomo ndani ya misuli yake ni ya sekunde chache tu. Kila pigo linategemea nishati inayotengenezwa papo hapo na mitokondria, vinu vidogo vilivyojaa theluthi nzima ya seli ya moyo. Na hapa tuelewane, maana nimechoka kuambiwa kwamba moyo "hautaki mafuta". Moyo unakula mafuta. Ukiwa na afya, unapata asilimia 60 hadi 70 ya nishati yake kwenye asidi za mafuta. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kwenye sukari.

Wenye bajaji zilizofungwa mfumo wa gesi watanielewa upesi: chombo kimoja, nishati mbili, swichi ya kubadilisha. Ukishakula wali na insulini, homoni inayoziita seli zipokee sukari, ikapanda, moyo huhamia kwenye sukari. Ukilala bila kula, hurudi kwenye mafuta. Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake huko Uingereza walieleza jinsi nishati hizi zinavyozuiana, moja ikizidi nyingine inawekwa kando.

Unene unakwamisha swichi hiyo. Insulini inaita, seli hazisikii vizuri, na mafuta kutoka kwenye kitambi yanamiminika kwenye damu usiku na mchana. Moyo unalazimika kuyachoma hata wakati ambapo sukari ingefaa zaidi, na kwa kazi ileile mafuta yanadai oksijeni nyingi kuliko sukari. Wakati huohuo umri unachakaza mitokondria na kupunguza uwezo wa kuchoma mafuta hayo. Mzigo unaongezeka, kinu kinachoka. Yasiyochomwa hubaki ndani ya seli kama matone, na baadhi hugeuka kemikali zinazoidhuru. Haya si yale mafuta yanayoziba mishipa. Hayo ni maradhi mengine, ingawa mtu anaweza kuwa nayo yote mawili.

Sasa turudi kwenye ngazi. Watu wengi hudhani moyo hutumia nguvu kubana tu, kisha unalegea bure. Kulegea nako kuna gharama. Baada ya kila pigo, kalsiamu iliyobanisha misuli lazima ipigwe pampu kurudishwa ghalani mwake, na pampu hiyo inakula nishati. Nishati ikipungua, moyo unaweza kuendelea kubana vizuri huku ukichelewa kulegea. Chumba hakijai sawasawa, damu inarudi nyuma kuelekea mapafuni, nawe unahema. Eko itaandika usukumaji asilimia 60, kiwango kizuri kabisa, kwa hiyo muulize aliyekupima: na kulegea je?

Maji ya limau na tangawizi hayayeyushi mafuta ya moyo. Nasema mara moja, sitarudia hemani. Wanaomeza deksamethasoni ili "wajae" nao wajue kwamba dawa hiyo hupandisha sukari na presha, na sehemu ya unene wanaousifia ni maji.

Kinachosaidia kinajulikana: kupunguza uzito, kutembea kwa kasi siku nyingi za wiki, kumeza dawa za presha hata siku unayojisikia mzima. Zipo pia dawa mpya. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa empagliflozini hupunguza kulazwa kwa wenye moyo wa aina hii, unaobana vizuri ila haulegei sawasawa, na mwaka 2023 semaglutidi ilionyesha nafuu kwa wale walio na unene pia. Hizi ni za kuandikiwa na daktari. Usiagizie kwa mtu wa mtandaoni.

Kuhusu utaratibu, someni vizuri. Anayepima sukari asile kwa saa 8; maji ya kawaida ruksa, chai isiyo na sukari si maji. Dawa za presha za asubuhi meza kama kawaida, ila wanaotumia za kisukari waulize kwanza kliniki yao kabla ya kufunga. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla ya presha, nenda haja ndogo, kaa dakika 5 bila kuongea, mkono uwe wazi. Tutapima mara mbili. Njoo na dawa zenyewe kwenye mfuko. "Kile kidonge cheupe" hakitusaidii. Namba ikiitwa haupo, unachukua nyingine nyuma ya foleni. Atakayepewa rufaa ya eko aje na kadi yake mwenyewe ya bima: kutumia ya ndugu ni kosa hata kama ndugu ameridhia, kadi itazuiwa na suala litatoka mikononi mwetu.

Ambaye hatafika apime nyumbani kwa uzi. Pima urefu wako kisiginoni hadi utosini, kata, kunja katikati, zungusha kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Ncha zisipofikiana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, uje kliniki. Pima ukiwa umetoa pumzi. Mzee mmoja alivuta tumbo mbele yetu mpaka ncha zikagusana, akatutazama kwa ushindi, akakohoa, na uzi ukamponyoka.