Unauza nyumba mwenyewe bila dalali? Tuongee bei kwanza

Tuanze na cha juu, yaani hela dalali anayoongeza juu ya bei yako, maana ndicho kinachowafanya wengi waamue kuuza wenyewe. Umemwambia dalali unataka milioni 80, yeye mtaani anaitangaza 95, ikipata mteja wa 90 wewe unapewa 80 yako na bado kamisheni anaidai. Ukija kugundua inauma, nakubali kabisa. Sasa mwenye nyumba akishaumia hivyo au akisikia jirani yake kaumizwa anasema basi, nauza mwenyewe kwa 95 na hela yote inaingia mfukoni kwangu. Hapo ndipo mimi na yeye tunapoanza kukosana. Mnunuzi naye ana akili zake, akiona umeandika "nauza mwenyewe, madalali hapana" anajua hakuna wa kugawana na wewe, kwa hiyo na yeye anautegemea huo unafuu. Mkigawana hicho cha juu nusu kwa nusu umshukuru Mungu. Ukiking'ang'ania chote utakaa na tangazo lako mpaka rangi ya geti ipauke.

Mimi ni mthamini, nafanya kazi zangu nyingi hapa Dar. Ripoti rasmi ya uthamini kwa sheria ya 2016 inatolewa na mthamini aliyesajiliwa, kwa hiyo hii posti haichukui nafasi ya ripoti. Nataka tu usianze na bei ya ndotoni.

Na bei ya ndotoni ina vyanzo vyake, nimevizoea. Kuna anayekuja na daftari la ujenzi. Ana kila kitu mle, nondo, simenti, lori za mchanga, fundi wa kwanza aliyekimbia na hela, ukuta wa sebule uliobomolewa ukajengwa upya kwa sababu shemeji alisema sebule ni ndogo. Anajumlisha anapata 110, anaongeza jasho lake inakuwa 140. Jamani, mnunuzi halipii fundi aliyekimbia. Wala halipii zile safari za site kila jumamosi. Anaangalia nyumba ilivyo leo na hela aliyonayo, halafu anajiuliza kwa hela hii huku mtaani naweza kupata nini kingine, basi.

Mwingine anaanzia kwenye shida zake. Anataka kununua kiwanja Dodoma, ada ya mtoto ipo, na mtaji wa duka, ukijumlisha inakuja 120 kwa hiyo nyumba ni 120. Nyumba za mirathi ndio balaa zaidi, watoto wako sita kila mmoja kashapiga hesabu apate 20 yake na hakuna anayekubali ishuke kwa sababu fungu lake litapungua, nyumba inakaa miaka inaoza bati huku wanabishana kwenye grupu la familia. Halafu kuna yule wa "jirani ametangaza 130 na yangu ni nzuri kuliko yake". Ndugu yangu, jirani ametangaza, hajauza! Bei ya kwenye tangazo ni bei ya kutaja, mtu yeyote anaweza kutaja chochote. Tena ukilikuta hilo tangazo mwaka jana lilikuwepo na mwaka huu lipo na picha zilezile, hiyo ndio bei ambayo soko limeshaikataa.

Kinachotakiwa ni bei zilizolipwa kweli, na hapa ndipo kazi ilipo maana kwetu hakuna sehemu moja ya kufungua ukaona nyumba fulani iliuzwa ngapi. Lakini habari zipo. Mauziano mengi ya maeneo ambayo hayana hati yanashuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa hiyo mwenyekiti, mtendaji na mjumbe wako wanajua nani kauza na kwa ngapi. Usiende kuomba siri ya mtu, nenda kaulize tu "huku viwanja siku hizi vinakwendaje", kaa hapo, mazungumzo yatakuja yenyewe. Waulize waliohamia mtaani miaka miwili mitatu hii, watu waliomaliza kununua wanapenda kusimulia walivyopunguziwa. Mwanasheria anayeandika mikataba eneo lenu naye anajua, hatakutajia majina ila bei za jumla atakupa. Na piga simu kwenye matangazo kama mnunuzi, uliza bei ya mwisho. Utashangaa 130 inavyoshuka mpaka 105 ndani ya dakika tano za simu na hujafika hata kuiona nyumba. Angalizo moja, bei iliyoandikwa kwenye mkataba siyo lazima iwe iliyolipwa, kuna wanaoandika ndogo wakidhani wanakwepa kodi, kwa hiyo usichukue karatasi moja ukafanya ndio mwongozo.

Ukipata mauzo matatu manne ya kweli, anza kulinganisha na yako bila kujipendelea. Cha kwanza kabisa makaratasi. Nyumba yenye hati na nyumba ile ile yenye mkataba wa serikali ya mtaa tu hazina bei moja hata zikipakana ukuta. Siyo mapambo hayo, mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki atahitaji hati, kwa hiyo ukiwa huna unabaki na wenye keshi peke yao na mwenye keshi anajua anatafutwa. Leseni ya makazi, ile karatasi ya muda wanayopewa watu wa maeneo yasiyopimwa, iko katikati hapo. Kama hati ipo lakini inasoma jina la marehemu baba na msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama, kwa mnunuzi siriasi hujawa na kitu cha kuuza bado. Na kama ni nyumba ya ndoa, mwenza wako anatakiwa aridhie, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Mambo haya yamalize kabla ya kutangaza maana kila kasoro ya karatasi mnunuzi anaibadilisha kuwa punguzo, na anapunguza kuliko gharama halisi ya kuirekebisha.

Halafu eneo lenyewe. Umbali kutoka lami, na siyo umbali wa kwenye ramani, umbali wa gari dogo kipindi cha masika. Maji ya DAWASA yanatoka au bomba ni la historia tu. Maji ya mvua yanapita wapi, watu wa Dar baada ya yale mafuriko ya Bonde la Msimbazi hawaulizi tena kwa aibu, wanakuja kuangalia alama za maji ukutani. Kama uko karibu na barabara kuu, hifadhi, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, kwa sheria ya barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kuna sehemu ni zaidi, waulize watu wa Kimara mpaka Kibamba walivyobomolewa 2017. Mto au bahari ni mita 60 kwa sheria ya mazingira. Nimeshaona mtu anauza nyumba nzuri sana, tailizi mpaka kwenye kibaraza, na nusu ya sebule iko ndani ya hifadhi. Bei ya nyumba ya hivyo sikai kuihesabu.

Baada ya hapo ndio unaweza kupiga hesabu ya gharama, kama njia ya kujihakiki. Namba za mfano tu hizi, za kwako utazitafuta mwenyewe. Kiwanja mita za mraba 500, vya jirani vimeuzwa kwa 50,000 kwa mita, hiyo milioni 25. Jengo mita 110, kujenga la namna hiyo leo tuseme 600,000 kwa mita, inakuja milioni 66, lakini lina miaka 12, bati zimechoka, mfumo wa maji unavuja, toa uchakavu wa asilimia 20 unabaki na kama 53. Fensi, geti, tenki na karo la choo kwa hali yake weka 7. Jumla 85. Sasa rudi kwenye mauzo uliyoyakusanya, unakuta nyumba ya mtaa wa pili ya vyumba vitatu kama yako iliondoka kwa 76 na nyingine ya vyumba vinne karibu na lami iliondoka 82. Basi yako iko kati ya 75 na 80, na hiyo 85 ya gharama isikudanganye, gharama na soko vikigombana mimi nafuata soko.

Angalia na kodi ya pango pia. Ikiwa nyumba hiyo inapangishwa 350,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni 4.2, kwa bei ya 78 hiyo haifiki hata asilimia 5 na nusu kabla ya matengenezo. Anayenunua ili apangishe atakuambia hatifungani za serikali za muda mrefu zinalipa riba kubwa kuliko hiyo bila kupigiwa simu kwamba choo kimeziba. Hutambishia ukashinda. Mnunuzi wako mkubwa ni wa kuja kuishi, mtangazie yeye.

Kwa mfano wetu mimi ningetangaza 83, sakafu, yaani bei nisiyoshuka chini yake, ningeiweka 76 na nisingemwambia mtu, hata shemeji. Nafasi ya kupunguza iwepo kwa sababu huku kwetu mtu asipopunguziwa anajisikia kaibiwa, ila ukiweka 110 ili ushuke mpaka 78 wale wenye 80 zao hawatakupigia kabisa. Na hiyo "maongezi yapo" wengi wanaiweka kwenye tangazo bila kufikiri, unakuwa umeshashuka kabla mtu hajafungua mdomo.

Kabla ya kukubali bei yoyote jua mkononi utabaki na ngapi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi, asiye mkazi ni zaidi, diaspora mlisikie hilo. Kuna msamaha kwa nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi kama faida haizidi milioni 15, kwa hiyo zile risiti za daftari kumbe zina kazi, siyo kwa mnunuzi ila kwa TRA. Malimbikizo ya kodi ya ardhi nayo utayalipa wewe, na ada ya mwanasheria pia.

Ukishatangaza, sikiliza simu. Wiki nne kimya kabisa na picha ziko safi, bei imekataliwa. Wanakuja wengi wanaangalia wanapotea, kuna kitu kwenye nyumba au kwenye karatasi hawakuambii, mpigie mmoja umuulize kwa upole. Siku ya kwanza mtu anakubali bei yote bila kubisha, usiogope, ila hakikisha ni mnunuzi kweli na siyo wale matapeli wanaosababisha watu waandike "nyumba hii haiuzwi" ukutani. Na ukishusha, shusha mara moja ya maana badala ya laki tano tano kila wiki, halafu lile tangazo la zamani lifute kila grupu uliloliweka, maana mnunuzi akikuta bei mbili kwa simu hiyohiyo anajua tayari unashuka na atasubiri ya tatu.