Jani la kijani kwenye kibao cha hoteli

Wengi wetu Mtwara, tukiona hoteli ya Mikindani au Msimbati imechora jani la kijani kwenye kibao, tunaamini imekaguliwa na haiharibu mazingira. Imani hiyo inaeleweka. Ila jani, yeyote anaweza kulichora.

Cheti cha utunzaji mazingira chenye uzito hutolewa na mkaguzi huru, kwa vigezo vilivyo wazi. Kina tarehe ya kuisha, na kwa kawaida hoteli huonekana kwenye orodha ya mtoaji mtandaoni. Omba kukiona mapokezini. Ni haki yako kuuliza. Kisha zunguka nyuma: maji machafu yanaingia shimoni au yanatiririkia kwenye mikoko? Hapo ndipo penye uzito, kuliko kile kikadi cha chumbani kinachoomba taulo itumike tena. Na hata cheti halali kinasema vigezo vimefikiwa, si kwamba madhara hayapo.