Kopi ya kitambulisho mara ya tano: makaratasi ya benki yanapunguzwa vipi

Kuna mama mmoja alikuja tawini wakati wa masika, ametoka Faza na boti ya asubuhi, mvua yanyesha, na karatasi zake amezizungusha leso ndani ya kikapu zisirowe. Alikuwa yuwataka kubadilisha namba ya simu kwa akaunti yake, hayo tu. Nikamwambia mama tafadhali tupe kopi ya kitambulisho. Akaniangalia, akanambia, "Mwanangu, kipande hiki mumekipija picha mara ngapi?"

Sikuwa na jibu. Alipoondoka nikaingia stoo mwenyewe kutafuta, na nikapata kopi 4 za kipande hicho hicho kwa faili 3 tofauti. Moja ya siku alipofungua akaunti, moja ya kadi ya ATM, moja ya mkopo, na moja mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Ile yake ya siku hiyo ikawa ya tano.

Mimi kazi yangu ni hiyo, nyaraka za benki, kuanzia zinapozaliwa hapo kaunta mpaka zinapoharibiwa kisheria. Na kitu ambacho watu wengi wanakosea, hata mameneja wenyewe, ni kudhani kupunguza makaratasi ni kununua skana. Skana haipunguzi karatasi hata moja. Ukichukua kopi 5 za kitambulisho kimoja ukaziskani zote, una kopi 5 kwa kompyuta na kopi 5 bado ziko kwa boksi, yaani umezidisha. Swali la kwanza kabla ya mashine yoyote ni hili: hii karatasi nani anaihitaji na ya kazi gani? Ukiuliza hivyo kwa kila fomu iliyo hapo kaunta, utashangaa ngapi hazina mwenyewe. Kuna fomu zinajazwa kwa sababu zilijazwa mwaka jana, basi.

Chukua hiyo kopi ya kitambulisho. Benki nyingi Kenya zimeunganishwa na IPRS, ile sistimu ya serikali ya kuhakikisha watu, kwa hivyo namba ya kitambulisho inaweza kuangaliwa palepale na jina likatoka. Kopi ya karatasi haithibitishi chochote zaidi ya hapo. Ikishapigwa picha mara moja ikawekwa kwa rekodi ya mteja, sio kwa faili ya kadi na faili ya mkopo na faili ya sijui nini, basi kila afisa anaifungua hapo hapo na mama wa Faza hatafutiwi mashine ya fotokopi mvuani. Ni kipande kikibadilika tu ndio anaulizwa tena.

Na sisi huku Amu, yaani Lamu, tuna sababu zetu za ziada. Hewa ya bahari hii haina huruma na karatasi. Pini za stepla zashika kutu, kutu inakula karatasi inaacha tundu mahali pa tarehe au sahihi, na ikiwa ofisi ni nyumba ya mawe ya zamani, ukuta wa chokaa ukivuta unyevu wakati wa masika boksi za chini zinanyonya maji kama sifongo. Risiti za ATM ndizo mbaya zaidi, ile ni karatasi inayoandikwa kwa joto bila wino, maandishi yake yafifia yenyewe, ukiihifadhi miaka miwili waweza kukuta karatasi nyeupe tupu. Halafu stoo ikijaa, boksi zapakiwa punda mpaka gatini, zavushwa Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa boti, zapandishwa gari la Mombasa. Hebu fikiria karatasi ya siri ya mtu inapita mikono mingapi hapo, na siku ya kusi bahari imechafuka.

Kutupa nako hatuwezi ovyo. Sheria ya kupambana na fedha haramu, ile ya mwaka 2009, inataka benki iweke rekodi za mteja na miamala yake si chini ya miaka 7. Ndio maana ukifunga akaunti leo ukaja kesho ukasema futeni kila kitu changu, tutakwambia bado. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua tuna nini chako na kusahihishiwa makosa, hiyo uitumie, watu hawaitumii, lakini haifuti ile miaka 7. Kinachofaa kuulizwa ni huu upande wa pili: ile miaka 7 ikiisha, je, benki inaziharibu kweli? Mara nyingi haziharibiwi. Zinakaa tu, kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe ya mwisho juu ya boksi. Kwa kompyuta tarehe hiyo unaiweka siku ile ile nyaraka inaingia, na siku ikifika sistimu yenyewe inakuuliza.

Sasa nije kwa jambo linalonikera. Tawi moja huku pwani nililowahi kufanya kazi waliamua kuskani stoo nzima. Vijana walikaa wiki kadhaa, wakafanya kazi kwa bidii, hilo nakubali, lakini faili zote zikaitwa Scan001, Scan002, mpaka maelfu huko. Baadaye mtu akaona si vizuri, wakaanza kuziita kwa majina ya wateja, na hapo ndipo ilipoharibika kabisa. Huku kwetu! Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mohd. Athman na Othman. Swaleh na Saleh, Fatma na Fatuma, na baba zao wote kina Ali na kina Omar. Mtu mmoja alikuwa na majina matatu kwa kompyuta, na watu watatu walikuwa na jina moja. Mzee mmoja alingoja asubuhi nzima tutafute mkataba wake wa mkopo, na mwisho tukaupata kule kule kwa boksi. Ile kazi yote ya wiki kadhaa haikutusaidia kitu.

Kwa hivyo jina si ufunguo. Ufunguo ni namba, ya akaunti au ya kitambulisho, pamoja na aina ya nyaraka na tarehe. Vitu hivyo vitatu vikiandikwa sawa wakati wa kuskani, unapata karatasi kwa sekunde chache hata jina likiwa limekosewa. Na usitegemee kompyuta isome yenyewe kila kitu. Programu za kusoma maandishi ziko sawa kwa kilichochapwa, lakini wazee wetu wengine wanatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, wengine wanatia dole gumba, na hapo mashine inakutolea takataka tu. Pale lazima mtu aangalie kwa macho yake.

Kuna watu wanauliza, sasa picha ikifika kotini itakubaliwa? Inakubaliwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inakubali rekodi za kompyuta, ila inataka cheti cha kueleza rekodi ilitolewa vipi, kwa mashine gani, na ilikuwa inafanya kazi sawa. Na ukifikiria, cheki tulishazoea zamani. Kabla ya 2011 cheki ikiwekwa huku karatasi yenyewe ilikuwa lazima isafiri, sasa inayokwenda ni picha yake na pesa zaingia, wala hakuna anayelia.

Lakini picha ya kuskaniwa kwa utaratibu si sawa na picha ya simu. Hii tabia ya afisa kukwambia "nitumie kitambulisho kwa WhatsApp" mimi siipendi kabisa. WhatsApp ikituma picha kawaida inaibana, maandishi madogo yanaharibika, na kitambulisho chako kinabaki kwa simu ya mtu binafsi ambayo kesho inauzwa au inaibiwa. Ukiambiwa hivyo uliza njia rasmi ya benki, usione haya.

Intaneti nayo msiogope sana. Ukurasa wa A4 kwa DPI 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, wenye rangi kamili bila kubanwa ni karibu megabaiti 26, ukiuskani nyeusi na nyeupe ni karibu megabaiti 1 tu, na ukibanwa ni kidogo zaidi ya hapo. Kwa hivyo rangi wekea kitambulisho na picha, mkataba wa maandishi matupu hauna haja. Na laini ikikatika, skani ziweke kwa mashine ya tawini zikiwa zimefungwa kwa nywila, zipande usiku. Hakuna haja ya mteja kungoja mtandao.

Kuna karatasi hatuzigusi. Hati miliki ya shamba au nyumba uliyoweka rehani, hiyo yenyewe inakaa ndani ya sefu mpaka umalize deni, na ukimaliza dai ile ya asili, usikubali kupewa skani.

Yule mama wa Faza alirudi baada ya Idi, safari hii kwa mambo ya kadi. Nikafungua rekodi yake, kipande kipo, sahihi ipo, nikamwambia mama hatuhitaji kopi. Akashtuka. "Na hii niloeta?" Nikamrudishia. Akaikunja vizuri akaitia kwa kikapu, akasema si kitu, kuna ofisi nyingine yuwapita huko bado waitaka.