Kiwambo: msuli unaovuta pumzi

Kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma mpaka ikaze. Kinachopatikana ni kiwambo. Ndilo jina la msuli mwembamba uliotandazwa chini ya mapafu, ukitenganisha kifua na tumbo: juu yake moyo na mapafu, chini yake ini na utumbo. Ila huu haukulala bapa kama ngozi ya ngoma. Ukiwa umepumzika umebenuka kwenda juu, kama bakuli lililofudikizwa.

Wengi tunadhani pafu ndilo linalovuta hewa. Halivuti, kwa sababu halina msuli wa kujitanua. Ukienda buchani shika pafu la mbuzi: ni jepesi, linabonyea kama sifongo, na likipulizwa kupitia koo lake linavimba, likiachwa linanywea lenyewe. Kazi ya kuvuta ni ya kiwambo. Kikijikaza hushuka, misuli iliyo kati ya mbavu nayo huinua mbavu, kifua kinapanuka na hewa ya nje inaingia kujaza nafasi hiyo. Mtu mzima aliyetulia huingiza karibu nusu lita kila pumzi, mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Wafuga nyuki wa huku Tabora wanayo mashine ya namna hii mkononi: bomba la moshi lenye mvukuto. Mkono ukiachia, mvukuto unatanuka na kuvuta hewa. Ukiminya, moshi unatoka. Kwetu sisi nguvu iko upande wa pili. Kuvuta pumzi ndiko kunakotaka msuli, na kuitoa, tukiwa tumetulia, ni kuachia tu.

Hewa hupita puani, ambako huchujwa na kupashwa joto, ikashuka kwenye koo la hewa. Koo hilo lina pingili za gegedu zisizofunga duara. Uwazi uko nyuma, upande unaogusana na umio, hivyo tonge kubwa la ugali linapata nafasi ya kushuka. Kisha njia inagawanyika matawi na vitawi mpaka vifuko vidogo mno, mamilioni mamia katika mapafu yote mawili. Hapo oksijeni huingia kwenye damu na hewa ukaa hutoka. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Tunayotoa ina kama 16.

Kwikwi nayo ni kiwambo kujikaza ghafla bila kutumwa, mlango wa sauti ukajifunga papo hapo. Mlio ule ndio huo mlango.

Mtazame mtoto mchanga aliyelala: tumbo ndilo linalopanda na kushuka. Mbavu zake bado ni laini na zimelala, kwa hiyo hutegemea kiwambo zaidi kuliko sisi. Hapa naomba mzazi asome taratibu. Nimonia ikiyafanya mapafu yawe magumu, kiwambo huvuta kwa nguvu mno, na sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, wakati ilipaswa kutanuka. Mfunue nguo, umwangalie akiwa ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Ukiona kifua kinabonyea hivyo kila pumzi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.