Je, wajua kwa nini nyumba iliyofungwa kwa miezi hunuka choo?

Ukifungua nyumba iliyokaa miezi minne bila mtu, harufu ya choo hukupokea mlangoni. Wengi husema shimo limejaa. Nami nilisema hivyo tuliporudi kwenye nyumba ya marehemu baba, Tanga, nikaita gari la majitaka. Dereva alifunua mfuniko, akachungulia: shimo halijafika hata nusu. Nikahamia kwa panya, nikapanda darini kutafuta mzoga.

Yote mawili hayakuwa na mashiko. Shimo likijaa, maji hushuka kwa shida, sinki hugugumia, na uchafu huanza kurudi juu. Kwetu maji yalishuka vizuri kabisa. Mzoga nao hunuka upande mmoja wa nyumba. Harufu yetu ilitoka bafuni, jikoni na chooni kwa wakati mmoja.

Fundi bomba, mzee wa mtaani, alimulika tochi kwenye tundu la maji la bafuni. Ndani kukavu, ukingoni kumebaki utando mweupe wa chumvi, na mende anapanda. "Humu hapakai bila maji," akasema, akamimina jagi moja, kisha akafanya vivyo hivyo jikoni na chooni. Jioni harufu ilikuwa imekwisha.

Chini ya kila sinki bomba limepindwa kama herufi U. Mafundi huiita trapu. Choo kina kona ya namna hiyo ndani yake. Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipata hataza ya choo chenye kona kama hiyo mwaka 1775. Kila unaponawa, maji ya mwisho hubaki konani, kina cha sentimita 5 hivi, yakawa kizibo. Chovya mrija kwenye glasi ya maji, upulize polepole: hewa haitoki mpaka isukume maji yaliyo ndani ya mrija. Hewa ya shimoni haina nguvu ya kusukuma hata sentimita hizo 5. Lakini maji ni maji, hukauka kama yale ya sahani iliyosahauliwa dirishani. Nyumba yenye watu huyajaza kila siku bila mtu kujua. Tundu la bafuni hutangulia kukauka, maana mara nyingi trapu yake ni fupi.

Hili si la harufu tu. Mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu uitwao SARS uliwapata wakazi zaidi ya 300 wa majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong, na wachunguzi walizitaja trapu zilizokauka kuwa njia mojawapo ya kuenea kwake. Wataalamu wengine walipendekeza njia tofauti, kwa hiyo tusiseme ndiyo sababu pekee.

Hita ya maji ina mambo yake. Ukiondoka, zima umeme wake na funga koki kuu. Ukirudi, fungua bomba la moto mpaka maji yatoke mfululizo, ndipo uwashe. Koili ikiwaka bila maji huungua upesi. Usiwashe kiberiti karibu na bomba hilo, kwa sababu tangi lililokaa wiki kadhaa huweza kukusanya haidrojeni, gesi inayoshika moto. Na maji ya moto peke yake yakinuka yai bovu, hiyo ni kazi ya bakteria ndani ya tangi, trapu haihusiki.

Kabla ya safari, mimina jagi la maji kila tundu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta huelea na kuyafunika maji yasikauke haraka. Yatangulie maji, mafuta yafuate.