Je, wajua? Mizani ya mafuta mwilini haiyaoni mafuta yako

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ile mizani ya kusimama peku, inayokutajia asilimia ya mafuta mwilini, inayaona mafuta yenyewe. Nilibishana hata na watu. Siku moja kwenye chumba cha mazoezi, Area C hapa Dodoma, nikapima: kilo 72, mafuta asilimia 24. Jua la mchana lilikuwa limenikausha, nikanywa lita nzima ya maji, nikapanda tena. Kilo 73, asilimia 25. Yaani maji yamegeuka mafuta ndani ya dakika tano!

Mizani ilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa imani yangu, kwa sababu kinachopimwa pale si mafuta, ni maji. Vyuma vilivyo chini ya nyayo hupitisha umeme mdogo mno, unaingilia mguu mmoja na kutokea mwingine. Misuli na damu vina maji mengi yenye chumvi, kwa hiyo umeme unateleza. Mafuta yana maji kidogo, yanaukwamisha.

Chukulia umemtuma bodaboda kwenye njia usiyoijua, yenye vipande vya lami na vipande vya mchanga. Wewe unatazama saa tu. Akiwahi unasema lami ni ndefu, akichelewa unasema mchanga umezidi. Sasa mvua ikinyesha, mchanga ukashikana, atawahi, nawe utadhani wamemwaga lami mpya. Mwili uliokauka ni kinyume chake: njia inakuwa nzito, mizani inakuongezea mafuta usiyokuwa nayo.

Na ile lita yangu? Bado ilikuwa tumboni, kama mzigo ulioshushwa stendi. Uzito umepanda, njia ni ileile, basi kilo nzima ikaandikwa mafuta. Tena bodaboda huyu anageuzia kiunoni. Kifuani na mikononi hafiki, huko mizani inakisia tu.

Njia nyingine nazo zinakisia. Koleo la kubana ngozi hutegemea hesabu, na iliyo maarufu, ya watafiti Durnin na Womersley ya mwaka 1974, ilitokana na watu 481 waliopimwa Glasgow, Uskoti. Mkulima wa zabibu wa Hombolo hakuwamo, kwa hiyo namba yake ipokewe kwa tahadhari. Kupimwa ukiwa umezama majini huchukulia kwamba mafuta yana gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, na mwili uliobaki 1.1. Hata DEXA, eksirei ya nguvu mbili inayoaminiwa zaidi, ina makisio yake. Kuyapima mafuta yenyewe kunataka mwili wa marehemu uchambuliwe, na watu wazima wenye afya hawajajitokeza.

Siku hizi napima asubuhi, nimeshatoka chooni, kabla ya chai, kwenye mizani ileile. Namba yenyewe siibishanii tena, naangalia tu kama inapanda au inashuka mwezi hadi mwezi.